Magurudumu ya mbele yaligoma juu ya jiwe: kisa cha skrubu moja isiyo na kichwa

Gari la kuchezea la rimoti lilikuwa limekwama katikati ya jiwe, pua juu, mota inalia. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanasukuma na kukwaruza. Ya mbele yamesimama kimya kana kwamba shughuli haiwahusu. Mpwa wangu akalirudisha nyuma taratibu hadi kwenye changarawe tambarare. Alipobonyeza tena, yote manne yakavuta vizuri tu.

"Mjomba, difu imekufa," akasema, yaani zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia.

Nilimwambia tusubiri kabla ya kuzika. Ugonjwa unaojitokeza mlimani na kupotea tambarare mara nyingi si kitu kilichovunjika, ni kitu kilicholegea. Kilichovunjika hakipati nafuu ukikishusha.

Tunakaa Mwanza, upande wa Mabatini, ambako nyumba zimejibana katikati ya miamba na mtoto hujua kupanda jiwe kabla hajajua kupanda baiskeli. Mgeni akisikia miamba ya Mwanza huwaza Jiwe la Bismarck, lile la kwenye picha. Kwa gari hili jiwe lenye kazi ni la nyuma ya nyumba ya jirani: granaiti yenye mlalo kama wa digrii 40, inayoshika mpira vizuri ikiwa kavu na isiyosamehe ikiwa na umande. Granaiti hii ina umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na inapomeguka hutoa mchanga wenye chembe kali za kwatzi. Mchanga huo ukikutana na grisi unapata msasa.

Gari lenyewe ni la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya urefu wa gari la kweli, lililotumwa na baba yake mpwa wangu aliyeko Maskati. Si la mbio. Mwendo wake ni wa kinyonga, na sifa yake ni kupanda mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili. Mota hugeuza gia ndogo, gia ndogo hugeuza gia kubwa, giaboksi hupunguza mwendo na kuongeza nguvu, kisha propela mbili (fito za chuma zinazozunguka), ya mbele na ya nyuma, hupeleka nguvu kwenye ekseli. Ndani ya kila ekseli mna krauni (gia kubwa) na pinioni (gia ndogo inayoigeuza) kama kwenye gari la kweli, ila difu imefungwa: gurudumu la kushoto na la kulia huzunguka pamoja, litake lisitake.

Hilo la difu iliyofungwa lilinipunguzia kazi nusu. Kama tatizo lingekuwa kwenye pini ya gurudumu moja, au kwenye shafti moja ya pembeni, gurudumu moja lingesimama na mwenzake angeendelea. Hapa yalisimama yote mawili kwa pamoja. Basi mkatiko uko kabla ya njia kugawanyika: kwenye krauni na pinioni, au kwenye propela ya mbele na viungio vyake, au kwenye shafti inayotoka kwenye giaboksi.

Halafu kuna sauti. Gia iliyong'oka meno hutafuna: kra-kra-kra, na husikika hata na majirani. Mbele palikuwa kimya. Kilichosikika ni "tak" moja kavu kila gari lilipobadilisha mwelekeo, kutoka mbele kwenda nyuma au kinyume chake. "Tak" ni sauti ya chuma kinachopewa nafasi ya kutembea kidogo kabla ya kugota. Nikaanza kuishuku propela, lakini shaka si ushahidi.

Nikamwomba mke wangu rangi ya kucha.

"Chukua nyeupe," akasema. "Nyekundu usiguse, ina harusi Jumamosi."

Nyeupe ikatosha. Nilichora mstari mwembamba kutoka kwenye shafti ya giaboksi hadi kwenye kiungio cha propela, mstari mmoja ulionyooka ukivuka vyuma viwili. Nikachora wa pili upande wa ekseli, kutoka kwenye kiungio hadi kwenye shafti ya pinioni. Ilipokauka, mpwa akaliinua gari, nikayashika magurudumu yote mawili ya mbele kwa kitambaa kizito, akabonyeza rimoti kidogo sana. (Kitambaa ni lazima, na rimoti ashike mtu anayekusikiliza. Gari dogo, lakini kidole kikiingia kwenye propela utalikumbuka.)

Mstari wa upande wa ekseli haukutikisika. Wa upande wa giaboksi ulikatika palepale: nusu ya shafti ikazunguka, nusu ya kiungio ikabaki. Difu ilikuwa nzima. Shafti ilikuwa inazunguka ndani ya kiungio kama mwiko ndani ya uji.

Kiungio hicho hushikwa na skrubu moja ya M4, yaani ya unene wa milimita 4, isiyo na kichwa, inayopita kwenye ukuta wa kiungio na kubana shafti. Hufunguliwa kwa ufunguo wa Allen, ule wa pembe sita, wa milimita 2. Nilijiandaa kupambana nayo. Ikatoka kwa ncha ya vidole, na kwenye hesi zake, ile mifereji inayoizunguka, mlikuwa na gundi ya bluu bado mbichi, inang'aa kama siku ilipotoka kwenye chupa.

Gundi hiyo niliiweka mimi, wiki tatu kabla.

Niseme ilivyokuwa, maana bila hivyo kisa hiki hakina maana. Usiku ule umeme ulikuwa umekatika, nimeshika tochi ya simu kwa meno. Skrubu ya awali ilikuwa imeliwa tundu lake, nikaweka nyingine kutoka kwenye pakiti ya skrubu za chuma kisichoshika kutu, zile nyeupe zinazopendeza. Mpwa alikuwa ameshaosha kiungio na shafti kwa mafuta ya taa, kama wanavyoosha minyororo ya bodaboda kijiweni kwao. Nikadondosha gundi, nikakaza, nikafuta mikono. Kesho yake alfajiri gari lilikuwa juu ya jiwe.

Katika sentensi hizo chache nilikosea mara nne, na kila kosa lilimsaidia mwenzake.

Tuanze na gundi, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee haikauki kwa hewa kama ya viatu. Ni kinyume: hewa ndiyo inayoizuia isigande. Ndiyo maana chupa yake huuzwa haijajaa. Ile nafasi iliyobaki si wizi, ni hewa ya kuiweka hai. Huganda inapobanwa mahali pembamba pasipo na hewa, huku ikigusa chuma. Mkemia mmoja wa Marekani, Vernon Krieble, profesa wa Trinity College huko Hartford, ndiye aliyeitengeneza mwaka 1953, na ndipo likaja jina Loctite, ambalo siku hizi mafundi huliita hata chupa ya kiwanda kingine.

Masharti ni mawili basi: hewa iondoke, chuma kiguswe. Mafuta ya taa huonekana kama yanasafisha, na kweli huondoa grisi, lakini yakikauka huacha utando mwembamba wa mafuta. Gundi yangu ikakaa juu ya utando, haikugusa chuma. Na hata pale ilipogusa, ilikutana na chuma kisichoshika kutu, ambacho kwa gundi hii ni kivivu. Shaba na chuma cha kawaida huichochea haraka. Hiki cheupe huichelewesha sana. Juu ya hayo, gundi ya bluu huanza kushika ndani ya dakika kama 10 au 20, lakini nguvu yake kamili huipata baada ya saa 24. Mimi niliipa usingizi wa usiku mmoja, tena mfupi.

Kosa la nne ndilo baya zaidi, na halihusiani na gundi hata kidogo.

Shafti ya giaboksi ina unene wa milimita 5, na upande mmoja imesagwa ikawa bapa. Hilo bapa si pambo. Skrubu ikikaa sawasawa juu yake, shafti haiwezi kuzunguka ndani ya kiungio bila kuisukuma skrubu yote ipande juu. Ni kama komeo. Skrubu ikikaa pembeni, kwenye duara, hakuna komeo. Unategemea msuguano wa ncha ndogo ya chuma dhidi ya chuma laini chenye mafuta.

Nilipoimulika ile shafti mchana, nilisoma habari yote. Ukingo mmoja wa bapa ulikuwa umebonyea kidogo. Kutoka kwenye ukingo huo ulianza mfereji mwembamba unaong'aa, ukizunguka duara lote la shafti hadi kurudi kwenye bapa. Maana yake nilikaza skrubu ikiwa imekaa ukingoni. Ilishika wiki mbili na zaidi, ikafika siku ikateleza kutoka kwenye bapa, na tangu hapo kila mlima mkali ulikuwa unachonga mfereji. Ile "tak" ilikuwa ncha ya skrubu ikidondokea kwenye bapa na kugonga ukingo wa pili.

Nguvu inayohusika hapa si ya kitoto, ingawa gari ni la kuchezea. Kwa kuhesabu kwa mkono, mota ya gari hili huzunguka karibu mara 43 ili gurudumu lizunguke mara 1. Krauni ina meno 30 na pinioni 8, yaani 3.75. Ukigawanya, propela huzunguka mara 1 kwa kila mizunguko kama 11.5 ya mota, na msokoto huongezeka kwa kiasi hichohicho, ukiacha unaopotea kwenye msuguano. Chukua mota inayotoa nyutoni-mita 0.05 tu. Kwenye propela inakuwa karibu 0.57. Gari likiwa limesimama wima hivi kwamba ekseli moja ndiyo inayobeba kazi, msokoto huo wote unapita kwenye shafti yenye nusu-kipenyo cha milimita 2.5, na pale skrubu inapogusa inakuwa nguvu ya nyutoni kama 230. Huo ni uzito wa ndoo ya maji ya lita 20 na kilo tatu juu yake, ukining'inia kwenye ncha ya skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Tambarare ndoo hiyo inageuka kuwa kikombe cha chai, na ndiyo sababu ugonjwa ulikuwa unapona kila tuliposhuka.

Mpwa akauliza swali zuri: kama ilikuwa imekazwa sana, na haikuvunjika, iliwezaje kufunguka yenyewe? Skrubu ni mteremko uliozungushwa kwenye nguzo, na kinachoizuia isiteleze kwenye mteremko wake ni msuguano. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinacholegeza zaidi si mtikisiko wa kuvuta juu na chini, bali ule wa kusukuma vipande vilivyobanwa kwenda kushoto na kulia. Vikiteleza hata kidogo, msuguano kwenye hesi unaachia kwa nukta, na skrubu inashuka mteremko wake kidogo. Kidogo mara elfu ni skrubu iliyo chini ya jiwe. Gari la kupanda miamba ndiyo kazi yake hiyo: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena, likitafuta pa kushika.

Ndiyo maana pia sikuweka washa ya springi kwenye nati za magurudumu, ingawa fundi mmoja mtaani alinihimiza. Kwa mtikisiko wa namna hiyo, washa ya springi haisaidii kitu.

Nati za magurudumu nazo zilikuwa na kesi yao. Ya nyuma kulia ilikuwa imewahi kudondoka, na mpwa alikuwa ameikaza tena na tena kwa spana ya 7, kila mara akiniambia "sasa imeshika". Ni nati yenye pete ya nailoni ndani. Nailoni huuma hesi za ekseli na kuzishikilia. Lakini nailoni iliyofunguliwa na kufungwa mara kumi imeshachongwa njia. Ukiweza kuizungusha nati hiyo kwa vidole mpaka mwisho, umebaki na nati ya kawaida yenye mapambo meupe. Na kwa nini ya kulia? Gari linaposukuma kwenda mbele, ekseli hutangulia na gurudumu hubaki nyuma kwa kiasi cha mchezo, yaani nafasi ya kutikisika, uliopo kwenye kipande cha pembe sita kinachobeba gurudumu. Upande wa kulia kule kubaki nyuma huivuta nati kuelekea kufunguka, upande wa kushoto kuelekea kukaza. Anayejua baiskeli anajua shida inayofanana nayo: pedali ya kushoto hufungwa kinyume. Kipande kile cha pembe sita cha nyuma kulia kilikuwa cha plastiki na tundu la pini yake ya milimita 2 lilikuwa limepanuka na kuwa kama yai. Nati ilikuwa inalipia deni la pini.

Propela ya nyuma ndiyo iliyonipotezea mchana mzima, na haikuwa hata mbovu. Baada ya ya mbele kuanza kusumbua, mpwa na rafiki yake waliamua kuiwahi ya nyuma kwa gundi nyekundu, ndugu wa ile ya bluu mwenye nguvu zaidi. Nilitaka kuifungua nihakikishe imekaa kwenye bapa. Ufunguo ukazunguka tundu likabaki. Kumbe walitumia ufunguo usio na alama yoyote, nilipoupima ni wa inchi 5/64. Hiyo ni milimita 1.98. Tofauti ya milimita 0.02 huioni kwa jicho, na kwenye skrubu ya gundi ya bluu huenda isikudhuru. Kwenye nyekundu inatosha kuchubua pembe zote sita.

Nyekundu haifunguki kwa nguvu, inafunguka kwa moto. Inahitaji joto la karibu digrii 250 ndipo ilegee. Sikuthubutu kuwasha kiberiti karibu na plastiki, kwa hiyo nilitumia chuma cha kulehemu: ncha ndani ya tundu la skrubu, dakika mbili kamili, kisha haraka ufunguo wa milimita 2 ulio mpya na wenye kingo kali, nikiusukuma kwa ndani huku nikizungusha. Mara ya tatu ikakubali. Na ndani? Ilikuwa imekaa juu ya bapa sawasawa kabisa. Vijana wale walipanga vizuri kuliko mimi.

Kurudishia kulikuwa kazi ya nusu saa, ila niliifanya kwa nuru ya mchana. Shafti na kiungio nilivisugua kwa spiriti na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kikarudi cheupe. Nikatafuta skrubu ya chuma cheusi cha kawaida, mpya. Kabla ya kuiweka nilichungulia kwenye tundu la kiungio kwa tochi na kuizungusha shafti polepole: duara hutawanya mwanga, bapa hurudisha mwanga wote mara moja, kama kioo. Linapong'aa hivyo, liko mkabala. Tone moja la gundi ya bluu kwenye hesi za mwisho za skrubu, si zaidi. Nikaikaza mpaka ikagusa, nikakitikisa kiungio kushoto na kulia huku nikiendelea kukaza kidogokidogo, mpaka mchezo ukaisha, ndipo nikamalizia. Kukaza moja kwa moja bila kutikisa ndiko kulikoniweka ukingoni mara ya kwanza.

Shafti yenye mfereji sikuibadilisha. Bapa lenyewe bado lina uso wa kutosha, na ile iliyobonyea niliipitishia tupa ndogo mara tatu nne. Ikija kuteleza tena nitaitoa.

Nilipokuwa ndani nikagusa skrubu mbili za M3 zinazoshika mota. Zote zilikuwa zimelegea, mota imesogea, na gia ndogo inaonana na gia kubwa kwa mbali. Nilikata ukanda wa karatasi ya daftari, nikaupitisha katikati ya gia mbili, nikasukuma mota iubane, nikakaza, kisha nikazungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjwakunjwa bila kukatika, nafasi ni sawa. Gundi hapo sikuweka kabisa kwa sababu skrubu ziko karibu na mfuniko wa plastiki, na zipo plastiki ambazo gundi hii huzipasua taratibu, unakuja kuona ufa baada ya siku kadhaa na kumlaumu mtu mwingine.

Gari likalala siku nzima mezani. Mpwa alikuja mara mbili kuliangalia kama mgonjwa wa hospitali ya Bugando.

Jumamosi asubuhi tulipanda jiwe lile lile. Betri ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ule mlalo wa digrii 40 magurudumu ya mbele yalivuta mpaka pua ikapita ukingo wa juu, gari likakaa kileleni likitazama ziwa. "Tak" haikusikika. Kila betri ilipoisha tuliligeuza gari na kukagua mistari ya rangi ya kucha, safari hii ikiwa kwenye skrubu zote na nati zote nne. Baada ya betri ya nne mstari mmoja tu ulikuwa umekatika, kwa kama milimita moja: nati ya mbele kulia, nayo ni ya nailoni ya zamani. Nati za M4 hazipatikani kwenye maduka ya bodaboda, ambako ndogo kabisa niliyoiona ni M5, kwa hiyo pakiti itakuja na shemeji kutoka Maskati, pamoja na vipande vinne vya pembe sita vya alumini. Kwa sasa nati ya mbele kulia na ile ya nyuma kulia tumezisafisha kwa spiriti na kuzipa tone la bluu.

Jumapili mpwa alifika na chupa yake mwenyewe ya rangi ya kucha. Ya kijani.

"Mjomba, nyeupe ya shangazi inaonekana vibaya kwenye alumini," akasema, akakaa chini na kuanza kuchora.